Ala Iliyo Kooni: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Maisha ya Mwimbaji Kijana wa Opera

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulieleza kwa ufupi habari za Pretty Yende, mwimbaji wa opera kutoka Afrika Kusini, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Kwa wale ambao hawakusoma toleo lile, opera ni mchezo wa jukwaani ambamo wahusika huimba maneno yao badala ya kuyasema, wakisindikizwa na okestra, na kwa desturi bila kipaza sauti. Nimechagua barua sita. Majina ya waandishi nimeyahifadhi kama walivyoomba.

SWALI: Mwalimu, salamu. Binti yangu ana miaka kumi na saba na anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu. Tangu alipomwona Pretty Yende kwenye televisheni, siku ya kutawazwa kwa Mfalme wa Uingereza, hataki tena kusikia habari za kusomea uhasibu. Anasema atakuwa mwimbaji wa opera. Baba yake anasema hiyo si kazi, ni starehe ya Jumapili. Mimi nina wasiwasi mwingine: kila Jumatatu binti huamka sauti imekauka, na kiongozi wa kwaya anatuambia ni kawaida, sauti inakomaa. Nimwache aendelee? (Mama wa Binti, Moshi)

JIBU: Mama, naomba nianze na mwisho wa barua yako, kwa sababu ndiko kwenye jambo lisiloweza kusubiri. Sauti inayokauka kila Jumatatu haikomai, inaumia. Nyuzi za sauti za mwanamke mtu mzima zina urefu wa sentimita moja hadi moja na nusu hivi. Binti anapoimba ile noti ya la ambayo okestra huitumia kulinganisha ala zake, nyuzi hizo hugongana mara 440 kwa sekunde. Akipanda hadi do ya juu ambayo soprano wengi, yaani waimbaji wa sauti ya kwanza, hutakiwa kuifikia, hugongana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Sasa fikiria Jumapili yenye ibada mbili, spika zinanguruma nyuma ya kwaya, na binti analazimika kupaza sauti ili ajisikie mwenyewe. Mahali panapogongana kupita kiasi huvimba, na uvimbe usiopumzishwa unaweza kugeuka vinundu vigumu, mfano wa sugu kwenye kiganja cha mkulima, ila sugu ya kiganja humkinga mkulima, na ya kooni huzizuia nyuzi zisifunge sawasawa, hewa ikawa inapenya katikati na sauti ikawa na mkwaruzo.

Mpumzishe kwa majuma mawili asiimbe nyimbo za juu, asipige kelele, wala asinong'one, maana kunong'ona kwa kukazana nako huchosha koo. Ikiwa ukavu utaendelea kupita majuma matatu, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya KCMC mnayo hapo hapo mjini kwenu. Naandika haya kwa uchungu kidogo, kwa kuwa nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliimba mkesha wa Pasaka nikiwa na homa, nikaambiwa nijikaze kwa ajili ya kwaya, nikajikaza, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuipata tena sauti yangu ya juu.

Kuhusu uhasibu, baba asikasirike mapema, kwa sababu Yende mwenyewe alikuwa amekusudia kuwa mhasibu. Alizaliwa mwaka 1985 katika mji wa Piet Retief, mkoa wa Mpumalanga, akaanza kuimba kanisani akiwa mdogo pamoja na bibi yake. Alipokuwa na miaka kumi na sita alisikia kwenye televisheni tangazo la shirika la ndege lililokuwa na wimbo wa wanawake wawili kutoka opera ya Kifaransa iitwayo Lakmé, akaenda kumuuliza mwalimu wake shuleni kile alichokisikia ni kitu gani. Mwalimu akamjibu kwamba ni opera, na kwamba binadamu wa kawaida anaweza kujifunza kuimba vile. Akaenda kusoma chuo cha muziki cha Chuo Kikuu cha Cape Town chini ya Virginia Davids, kisha akaingia chuo cha jumba la opera la La Scala mjini Milan. Mwaka 2009 alishinda mashindano ya uimbaji ya Belvedere mjini Vienna, mwaka 2011 akashinda mashindano mengine ya waimbaji wa opera, Operalia, mjini Moscow, na mwezi Januari 2013 akasimama kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa la jumba la opera la Metropolitan mjini New York. Hesabu mwenyewe: tangu lile tangazo hadi New York ni miaka kumi na moja hivi, na karibu yote ilikuwa ya darasani. Yule uliyemwona na binti yako akiwa na gauni la njano ndani ya kanisa la Westminster Abbey, tarehe 6 Mei 2023, alikuwa ameshatimiza miaka thelathini na minane.

Kwa hiyo mwache binti amalize kidato cha sita bila haraka. Sauti ya opera haifanani na miguu ya mcheza mpira. Ikianza kufundishwa kwa uangalifu akiwa na miaka kumi na minane au ishirini, haijachelewa hata kidogo, na kwa kawaida hukomaa baadaye sana. Anachoweza kufanya sasa ni kusoma noti, kujifunza kinanda, na kuanza lugha, hasa Kiitaliano. Hapa ana bahati ambayo pengine hajui kuwa nayo. Kiswahili, kama Kiitaliano, kina irabu safi ambazo hazipindi njiani, silabi nyingi huishia kwa irabu, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Wanafunzi waliokulia katika Kiingereza hutumia muda mwingi sana kujifunza kutamka «a» na «o» zisizobadilika katikati ya noti ndefu, na binti yako amezinyonya pamoja na maziwa.

SWALI: Mimi ni fundi mitambo wa kumbi za harusi. Kwaya ya watu ishirini isipowekewa maikrofoni nne, watu wa nyuma hulalamika. Inawezekanaje mtu mmoja asikike juu ya okestra nzima bila kifaa chochote? (Fundi, Mombasa)

JIBU: Wewe utaelewa kwa urahisi kuliko wengi, kwa sababu unazijua zile swichi za kupandisha besi na treble. Nguvu kubwa ya okestra iko chini, jirani na mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda juu nguvu hiyo hupungua. Mwanasayansi wa Sweden, Johan Sundberg, alionyesha kwamba mwimbaji wa opera aliyefundishwa, hasa mwanamume, hupanga koo na kinywa chake kwa namna inayokusanya nguvu ya sauti karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imenyamaza kiasi na sikio la binadamu ni jepesi zaidi kusikia. Haishindi okestra kwa ukubwa, bali huipita kwenye mlango ambao okestra imeuacha wazi. Soprano katika noti zake za juu hutumia njia nyingine: hufungua taya kadiri noti inavyopanda, ili uwazi wa kinywa ulingane na noti yenyewe na kuikuza. Kwa njia hizo mtu mmoja husikika katika jumba la Metropolitan lenye viti karibu 3,800. Anayejaribu kufika huko kwa kupiga kelele huharibikiwa, na ndiyo sababu masomo huchukua miaka.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka ishirini na minne, nimemaliza shahada ya muziki hapa Nairobi, na nimealikwa Ujerumani kujaribiwa sauti. Ndugu zangu wanaamini nikipata kazi huko nitawajengea nyumba kwa mwaka mmoja. Ukweli wa malipo ni upi? (Mwimbaji wa sauti ya tena, Nairobi)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kualikwa. Waeleze ndugu zako mapema kwamba kuna njia mbili, na kila moja ina hesabu yake.

Ya kwanza ni kuajiriwa na jumba moja. Ujerumani ina majumba zaidi ya 80 yanayoonyesha opera kwa fedha za umma, na mengi yana kundi la waimbaji wa kudumu ambao hulipwa mshahara kila mwezi, hukatiwa bima ya afya na huwekewa akiba ya uzeeni. Mshahara wa kuanzia ni wa kawaida sana. Kima cha chini cha wasanii wa majukwaa nchini humo kilikuwa euro 2,000 kwa mwezi kabla ya kodi, na kati ya mwaka 2022 na 2023 kikapandishwa kupita euro 2,500. Toa kodi, toa pango la chumba, toa nauli, uone kinachobaki cha kutuma nyumbani. Lakini katika msimu mmoja unaweza kuimba wahusika sita au saba, leo mtumishi mwenye mistari minne, kesho mchumba wa binti wa mfalme, na shule ya namna hiyo haipatikani mahali pengine. Nakushauri njia hii kwa moyo wote.

Ya pili ni kujitegemea. Hapo jumba hukulipa kwa kila onyesho utakaloimba. Mazoezi huchukua kati ya majuma manne na sita, na katika nchi nyingi majuma hayo hayana malipo ya maana; chumba ni chako, chakula ni chako, wakala wako huchukua asilimia kumi hivi ya pato, na mwalimu wa sauti anasubiri ada yake. Ukiugua mafua siku ya onyesho huimbi, na usipoimba hulipwi. Mwezi Machi 2020 majumba yalipofungwa kwa sababu ya korona, mengi yalitumia kile kifungu cha mkataba kinachohusu majanga yasiyozuilika, na waimbaji waliokuwa wamefanya mazoezi kwa majuma mengi wakarudi makwao bila senti. Kifungu hicho kisome kabla ya kutia saini, na ukiona hukielewi, mlipe mwanasheria akusomee.

Tena jiandae kuitwa ghafla. Yende aliingia Metropolitan kwa njia hiyo: mwimbaji aliyepangwa katika opera ya Rossini iitwayo Le Comte Ory alijitoa, naye akapewa muda mfupi sana wa kujifunza nafasi ya mhusika Adèle, akiimba mkabala na mwimbaji Juan Diego Flórez wa Peru. Alipojitokeza jukwaani kwa mara ya kwanza alijikwaa kwenye ngazi akaanguka mbele ya ukumbi mzima, akainuka, akaimba, na usiku ule watu wakamshangilia kwa muda mrefu. Nimelifikiria sana tukio hilo. Aliyeinuka pale hakuwa na muda wa kutafuta noti yake wala neno lake. Mwili ulikuwa umeshajua, kwa sababu ya ile miaka ya darasani niliyomtajia mama wa Moshi.

SWALI: Mchumba wangu anaimba katika jumba moja la opera huko Ulaya. Siku za maonyesho hapokei simu kabisa tangu asubuhi, na siku inayofuata huzungumza kidogo tu. Mama yangu anasema mwanamke asiyepokea simu ya mchumba wake ana jambo. Tumebakiza miezi minane tufunge ndoa, na sasa moyo wangu umeingiwa na shaka. (Mchumba, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, sikujui wewe wala simjui mchumba wako, lakini ninajua siku ya onyesho inavyokwenda, na ninaomba niisimulie ili umsomee mama.

Asubuhi huamka akiwa amechelewa makusudi, kwa sababu sauti ni ya mwisho kuamka mwilini. Kabla ya salamu kwa mtu yeyote, hujaribu noti moja ya chini akiwa amefumba midomo, na katika sekunde hiyo moja hujua kama siku itakuwa njema au ya mashaka. Huinamisha uso juu ya bakuli la maji ya moto, taulo kichwani, na kuvuta mvuke. Hunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Hukwepa pilipili, hukwepa kula usiku wa manane, kwa sababu asidi ikipanda kutoka tumboni huunguza mahali pale pale anapopategemea. Hasemi na mtu. Kuzungumza kwa simu huchosha kuliko tunavyodhani, maana mtu hupaza sauti bila kujijua, hasa mtandao unapokatika na kila mmoja anauliza «unanisikia?» Saa tatu hivi kabla ya onyesho hula chakula chepesi, kisha hupakwa rangi usoni, huvalishwa nywele za bandia na gauni zito, hupasha sauti joto, husubiri. Onyesho likiisha saa nne au saa tano usiku, mwili bado umewaka na usingizi haupatikani hadi alfajiri. Siku inayofuata nyuzi zimechoka, naye hunyamaza tena. Ndiyo maana majumba mengi hujitahidi kuacha siku mbili au zaidi kati ya maonyesho ya mwimbaji mmoja katika nafasi kubwa.

Mpiga fidla akimaliza kazi huweka ala yake kwenye sanduku, akafunga, akaenda kwa mchumba wake. Mchumba wako hana sanduku. Usingizi wake, chakula chake, machozi yake, hata ugomvi wenu wa simu wa juzi, vyote vinapita katika ala ile ile atakayoipeleka jukwaani saa moja jioni. Mtu akilia usiku kucha, koo huvimba, na kesho yake ukumbi mzima husikia. Hii haina maana kwamba asiambiwe ukweli wala kwamba ndoa yenu iwe ya kimya. Ina maana kwamba mazungumzo mazito yapangiwe siku yake. Mwombe ratiba ya mwezi mzima, uiweke mahali unapoiona. Siku za maonyesho mwandikie ujumbe wa maneno usiodai jibu, na siku za mapumziko zungumzeni hadi mchoke.

Shaka yako ielekeze kwenye maswali mengine ambayo ni ya haki kabisa. Mtaishi wapi, ikiwa yeye yuko huko miezi kumi ya mwaka? Akijaliwa ujauzito, atahitaji kusimamisha kazi lini, na mkataba wake unasemaje? Waimbaji wengi huendelea kuimba miezi kadhaa ya mimba, kisha misuli ya tumbo huhitaji muda kurudia nguvu yake baada ya kujifungua, na katika kipindi hicho nafasi zake hupewa wengine. Mwanamke anayebeba hesabu hiyo peke yake hubeba mzigo mkubwa. Mwulize hayo ana kwa ana, ukiwa tayari kubeba upande wako.

SWALI: Je, huko Ulaya na Marekani wanamkubali kweli mwimbaji mweusi, au ni wa kuonyeshwa siku za sherehe tu? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Njia ilifunguliwa kwa gharama kubwa. Metropolitan ilianza kazi mwaka 1883, lakini mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya uhusika humo, Marian Anderson, aliimba tarehe 7 Januari 1955, akiwa na umri wa miaka karibu hamsini na nane, sauti yake ikiwa imeshapita kilele chake. Miaka ile iliyopotea hakuna aliyeweza kumrudishia, na kila ninapolikumbuka jambo hilo hunihuzunisha. Mwaka uliofuata, mjini Cape Town, kundi la Eoan lililoundwa na watu waliobaguliwa kama machotara lilionyesha La Traviata ya Verdi, huku sheria za ubaguzi zikikaza kila mwaka mahali wanapoweza kusimama na watu wanaoweza kuwasikiliza. Virginia Davids, aliyemfundisha Yende, alikuwa miongoni mwa waimbaji weusi wa mwanzo kuingia majukwaa ya opera nchini humo enzi hizo. Leo Waafrika Kusini wako katika majumba makubwa ya Ulaya kwa wingi unaoonekana: Golda Schultz, Levy Sekgapane aliyeshinda Operalia mwaka 2017, Masabane Cecilia Rangwanasha aliyeshinda tuzo ya nyimbo mjini Cardiff mwaka 2021. Hawa huajiriwa msimu baada ya msimu. Hata hivyo, wakurugenzi na waongozaji wa majumba hayo bado ni wachache mno wenye rangi yao, na hapo safari haijafika.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kwaya ya vijana thelathini. Watatu kati yao wana sauti ambazo sijawahi kusikia. Ninacho kinanda kimoja na tonika solfa, sina mafunzo ya opera. Nitawasaidiaje bila kuwaharibu? (Mwalimu wa Kwaya, Iringa)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, tonika solfa uliyo nayo ndiyo hiyo hiyo iliyozilea kwaya za Afrika Kusini. Wamisionari waliipeleka kule kama walivyoileta kwetu, na hadi leo kwaya za mitaani huko huimba nyimbo za opera katika mashindano kwa kusoma do, re, mi. Wewe nawe huenda tayari unafundisha kazi ya mtunzi wa opera bila kuwaza hivyo: Handel, ambaye Haleluya yake huimbwa katika kwaya zetu nyingi, alitunga opera zaidi ya 40.

Anza kila zoezi kwa dakika kumi za kupasha sauti joto. Waambie watetemeshe midomo kama mtoto anayeigiza mlio wa gari, wapande na kushuka noti tano tu, kisha wavumishe «mmm» hadi wahisi mtetemo puani na kwenye meno. Zima spika wakati wa mazoezi ili kila mtu ajisikie kwa sauti yake ya kawaida. Wimbo ukiwa juu sana, ushushe kwa toni moja. Mungu hatakasirika, na mtunzi ameshafariki. Hao watatu usiwape kila mstari wa peke yake, wabadilishe zamu, wala usimfunge mtu katika sauti ya pili maisha yake yote kwa sababu tu huko kuna upungufu wa watu. Mvulana ambaye sauti yake inavunjika mpe sehemu fupi yenye noti chache, umpime upya kila baada ya miezi mitatu.

Na kijana akikuambia koo linamuuma, mwamini siku hiyo hiyo. Mpe karatasi yake, akae kitini, afuate noti kwa macho huku wenzake wakiimba, akipiga mapigo kwa kidole juu ya goti. Katika majumba makubwa mwimbaji mkuu hufanya karibu hivyo katika mazoezi marefu: huimba nusu sauti, au hushuka oktavu moja, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, ili nguvu ibaki kwa ajili ya usiku wa onyesho, na kiongozi wa okestra huendelea na kazi yake.